Ghorofa Tano za Mke Wangu

Jumatatu, 2 Desemba

Nimechoka na wiki ndiyo kwanza inaanza. Siku nzima picha za pasipoti, watu kumi na mmoja wasiocheka. Jioni kwa mama mkwe. Kalenda ya jiji bado iko ukutani, imeachwa makusudi kwenye Februari. Februari ni picha ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Ni fundi wa friji. Hupiga picha kwa simu, ndiyo maana namwita Kidole. Mimi nina kamera, nina stendi ya miguu mitatu, na sijapata hata Novemba!

Mwisho wa kupokea picha za kalenda ijayo ni Ijumaa. Nitapiga jiji usiku, majengo yote yakiwaka. Wakati wa baridi hewa ni safi, taa huonekana vizuri. Safari hii Kidole atajua hajui.

Jumanne, 3 Desemba

Nimepanda kwenye paa la jengo letu. Mlinzi alinipa ufunguo, akaniuliza kama nyumbani kuna amani. Tatizo: ikifika saa tatu usiku, jengo refu kuliko yote linazimika. Pengo katikati ya picha, kama jino la mbele.

Nilishuka nikilalamika na mafua juu. Mke wangu akasema wanaozima ni wao, wafanya usafi. Yeye husafisha ghorofa tano za juu. Akimaliza ofisi, anazima. Miaka sita nimeishi na mwenye swichi bila kujua.

Jumatano, 4 Desemba

Maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Nimeosha vyombo, nimemkanda miguu, kisha nikasema. Aziache taa za ghorofa zote tano, dakika kumi tu. Nikimaliza nitampigia simu azime.

Akasema ana barua mbili za onyo tayari, na ya tatu huja na mtu wa kukusindikiza mlangoni. Nikamwambia dakika kumi hazijawahi kumfukuzisha mtu kazi. Akavaa soksi zake. Kisha akasema kumi, mume wangu, siyo kumi na moja, maana miguu yake haina hata hizo kumi. Nilimpenda sana wakati huo.

Alhamisi, 5 Desemba

Saa tatu kasoro. Barafu juu ya paa. Ghorofa zote tano zikawaka, nikatokwa na machozi, au ni upepo. Nikabonyeza. Kamera ikafa! Betri haipendi baridi. Hata mimi. Ya akiba niliiacha mezani. Nikaitia hii kwapani ipate joto, nikajikunyata kama kuku anayeatamia. Nusu saa nzima.

Nilipoinua macho, jengo lote giza, isipokuwa dirisha moja, na mtu amesimama hapo. Nikalivuta jengo hilo peke yake, nikapiga hivyo hivyo. Picha ya usiku huchukua sekunde thelathini, na yule mtu hakutikisika.

Kumpigia mke wangu simu? Nilisahau. Akili yote ilikuwa kwapani.

Alirudi saa sita. Msimamizi alikuwa amepita, akazima mwenyewe, akamwachia taa moja ya kuandikia maelezo. Alipomaliza kuandika akasimama dirishani, akatazama paa letu, akingoja simu. Hakugomba. Aliuliza tu kama imetoka vizuri, akalala na soksi zake. Nilijisikia vibaya sana, karibu mpaka asubuhi.

Ijumaa, 6 Desemba

Kidole alikuja kutengeneza friji, akaiona picha kwenye kompyuta. Akafuta mikono. Akasema niitume kama ilivyo, sijawahi kupiga picha nzuri kama hiyo. Akasema yule ni dada yake, hata awe mdogo kama punje angemjua kwa anavyoegemea akichoka. Machozi yakamlengalenga.

Mimi si mtoto. Huko ni kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Anataka nipeleke jengo lenye kasoro, nichekwe, yeye achukue na Machi. Alipotoka nikalitia giza lile dirisha. Sasa jengo ni safi, halina mtu. Nimetuma.

Alhamisi, 19 Desemba

Watu wa kalenda wamejibu. Wanashukuru, ila picha niliyotuma ni nyeusi, labda nilikosea. Nimeulizia kuhusu Kidole. Hakutuma kitu mwaka huu. Mjanja yule.

Barua ya tatu ya mke wangu nayo imefika. Hawakumfukuza, msimamizi alimhurumia. Wamemhamishia jengo la ng'ambo ya mto, mabasi mawili kwenda, mawili kurudi. Leo amesinzia mezani na kijiko mkononi. Niliumia kumwona. Nikamvua viatu, nikamuuliza taratibu anasafisha ghorofa ngapi huko. Akasema nane, bila kufumbua macho.

Nimepanda kwenye paa kuhakikisha. Zote nane zinatazama huku, na taa zake zinaonekana mara ya pili kwenye maji. Kesho nitamkanda miguu.