Mashine ya Makohozi Imenipokonya Adui

Gashoho, Muyinga

Kwa Mkubwa anayesimamia Mashine Mpya za Vipimo,
Gitega.

Mheshimiwa,

Pokea salamu na heshima zinazostahili cheo chako, ambacho kwa kweli sikijui vizuri. Naitwa Fabiano, mkulima wa mihogo na maharage, na mwimbaji wa besi kanisani. Barua hii inaletwa kwa mkono na dada yangu Imelda anayeishi hapo Gitega, mtaa wa Yoba. Miguu inamsumbua, naomba apewe kiti.

Mheshimiwa, nilianza kukohoa wakati wa mavuno ya maharage. Nilikonda mpaka mke wangu Anisia akazipunguza suruali zangu zote. Na muda wote huo nilijua vizuri kabisa ni nani aliyeniloga: jirani yangu Elikana, niliyekua naye ukimbizini Tanzania na kurudi naye kwenye lori moja. Siku ya ubatizo wa mwanawe alinipa juisi ya ndizi bila kuionja. Wewe ni mtu wa huku, unajua kwamba mwenyeji huonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue hakuna sumu. Yeye alinikabidhi kikombe akakimbilia kuangalia nyama. Haikupita muda nikaanza kukohoa. Ushahidi wa namna hiyo hata mtoto anauelewa.

Ndipo mashine yenu ikaletwa kwenye kituo chetu cha afya. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mashine ina haraka isiyo na adabu. Nilitema makohozi kwenye kikopo, na kabla Anisia hajamaliza kuuza ndizi zake sokoni, nesi Raissa akaniita na kuniambia ni kifua kikuu. Mzee Manase, anayewatazama wabaya wetu kwenye bakuli la maji, alichukua mwezi mzima na jogoo wangu mwekundu kabla ya kumtaja Elikana. Yule ni mtu anayeifanya kazi yake kwa makini.

2. Mashine haitaji mtu. Nilimwuliza nesi kwa upole jina liko wapi. Akasema, "Papa, hii mashini iko inaona vijidudu, haiko inaona watu." Nikamwomba apime tena. Akanipa vidonge. Kitu cha kisasa namna hiyo, kinachoona mdudu asiyeonekana, kinashindwaje kumwona Elikana, mtu mrefu vile?

3. Vidonge vinafanya kazi. Hili limeniumiza kuliko yote. Mtu aliyelogwa hapaswi kupona kwa vidonge vya kituo cha afya. Sasa nalala vizuri, mashavu yamerudi, suruali zinanibana, na watu wananiuliza mlangoni mwa kanisa kama bado nimelogwa. 

4. Nesi anatangaza kwamba ugonjwa huu hupita hewani, mtu akikohoa karibu na mwenzake. Maneno haya yanavuruga ujirani. Mimi na Elikana hatusemeshani, lakini kwaya ina kitabu kimoja tu cha besi, kwa hiyo kila mazoezi tunakishika pamoja, bega kwa bega. Nilikuwa namgeukia kwa makusudi na kumkoholea usoni, ili aone kazi ya mikono yake. Ilikuwa njia yangu ya kumshtaki bila kelele. Sasa nesi anaifanya ionekane kama jambo baya.

5. Mashine imeingia hadi uani kwangu. Nilikuwa nimeziba kwa miiba njia ya mkato ambayo watu wa kwa Elikana huitumia kwenda kisimani na kwenye kituo cha afya. Anisia anasema mashine imeshasema, niondoe miiba. Mheshimiwa, hasira hii nimeizoea. Ndiyo iliyoniamsha asubuhi nilipokuwa siwezi hata kuinua jembe. Nikiambiwa leo kwamba hakuna aliyenifanyia ubaya, niipeleke wapi? Na Elikana nikutane naye kwa uso gani?

Kwa hiyo naomba atumwe fundi aje aifungie mashine kifaa cha kutaja majina. Mgonjwa akishapimwa, itoke karatasi yenye jina la aliyemfikisha hapo, jina la baba yake, na kilima anakotoka. Karatasi isomwe mbele ya kanisa baada ya ibada. Aliyetajwa azibiwe njia zote za mkato, aondolewe kwenye kwaya, na asipewe hata maji nyumba yoyote. Asihurumiwe mtu kwa sababu ya undugu, umri, wala sauti nzuri. Siku ya kusoma, mimi nitasimama mstari wa mbele.

Wasalimie wote wa ofisini, walinzi wa getini, na huyo atakayempa Imelda kiti.

Ni mimi, kwa heshima kubwa na kwa afya inayozidi kuniumbua,

Fabiano, besi ya kwanza.

Nyongeza: Imelda alikuwa ameshafunga mzigo wake tulipopata habari kwamba Elikana naye amepimwa. Ni kifua kikuu. Nesi anauliza nani amekuwa akikohoa karibu naye, na nasikia mkewe ameshapeleka jogoo kwa Mzee Manase. Kile kifaa cha majina naomba kisifungwe kabisa. Mashine ilivyo inatosha, fundi asiiguse. Miiba nimeiondoa asubuhi, maana njia ya kuzunguka ni ndefu na Elikana anapumua kwa shida, na vidonge lazima avifuate. Mchana alipita uani nikampa juisi ya ndizi. Niliionja kwanza mbele yake, nikainywa karibu nusu. Hata hivyo alinitazama kwa muda mrefu kabla ya kupokea kikombe.