Mwenye Ufunguo Ndiye Mwenye Gari

Jina lake halisi lilijulikana na watu wachache tu: marehemu mama yake, dada yake, na makarani wa vituo viwili vya polisi. Wengine wote walimwita Asali, kwa ajili ya ulimi wake, ambao ungeweza kumuuzia kinyozi kipara na bado kinyozi akaomba apunguziwe.

Asubuhi hadithi hii inapoanza, Asali alikuwa akikimbia kwa heshima. Kukimbia kwa heshima ni fani yenye kanuni zake. Mtu hutembea upesi kama aliyechelewa mazishi ya mkubwa, tai imenyooka, bahasha kwapani, wala hageuki nyuma. Nyuma yake walikuja askari wawili wa jiji waliotaka kumjua mtu aliyewauzia wenye maduka wa mtaa mzima vibandiko vyenye maneno “Jengo Hili Limethibitishwa Haliungui.” Kimoja walikikuta kwenye mlango wa duka la mafuta ya taa.

Alikuwa na sababu nzito ya kutokamatwa. Hakimu alikwisha kumwambia kwamba wakionana tena hatamtoza faini, atampa makazi. Na makazi ya sasa nayo yalikuwa yakiyeyuka, kwani alilala kwenye kochi la dada yake, na shemeji yake, mtu wa maneno machache, alimwambia juzi wakinywa chai, “Shemeji, kochi limechoka. Mwisho wa mwezi linakwenda likizo.” Basi dunia ilikuwa imembana mbele na nyuma, naye akaingia jengo la baraza la jiji, akapanda ngazi, akafungua mlango wa kwanza uliokubali.

Ndani palikuwa na meza ndefu, madiwani watano, feni iliyozunguka kwa kusitasita, na nyuma kabisa benchi lenye kibao “Wananchi.” Vumbi la benchi hilo lilikuwa halijapata kuonja suruali. Asali akaketi, akafungua bahasha yake tupu na kuisoma kwa makini.

Mwenyekiti, mama mnene mwenye miwani, aliyekuwa akifuma sweta huku mkutano ukiendelea, akamtazama kwa juu ya miwani yake.

“Hatimaye,” akasema, “mwananchi.”

Hapa msomaji aelezwe jambo. Hiyo ndiyo Kamati ya Usalama wa Jiji, iliyokabidhiwa kusimamia zimamoto, magari ya wagonjwa na askari wa jiji, ili raia walale usingizi. Kanuni yake ilitaka kila kikao kihudhuriwe na mwakilishi wa wananchi. Mwakilishi wa mwisho alikuwa amehamia mji mwingine, kwa sababu za usalama. Tangu hapo kamati ilikuwa ikikutana, ikinywa chai, na kutawanyika bila kuwa imekutana kisheria.

Askari wawili wakafika mlangoni wakihema. Mama Mwenyekiti akawauliza wanamtaka nani. Nao, walipomwona mtu wao ameshavutiwa kiti mezani na kumiminiwa chai na diwani mwenye duka la magodoro, wakapiga saluti na kurudi walikotoka. Asali aliitazama saluti ile kama mkulima anavyotazama wingu la kwanza. Ndipo alipotambua kwamba muda wote alikuwa akichimba dhahabu nje ya ukuta, na mlango ulikuwa wazi.

Taarifa zikasomwa. Kamanda wa zimamoto, aliyevaa helmeti hata ndani ya nyumba, aliijulisha kamati kuwa matukio ya moto yamepungua sana tangu simu ya kituo ikatwe. Msimamizi wa gari la wagonjwa alisema gari limelazwa gereji na hali yake ni ya kuridhisha. Kamati ikapongeza. Kisha mwenyekiti akaweka sindano zake chini na kutoa kifuko cha mahameli, na humo funguo mbili: mmoja wa banda la zimamoto, mwingine wa gari lenyewe, gari jekundu la kuzimia moto, la pekee jijini.

Desturi ya kamati ilikuwa ya zamani kuliko meza yake. Kila kikao mjumbe mmoja hukabidhiwa funguo mbele ya wenzake, huenda kulikagua gari, na kikao kinachofuata hueleza kwa mdomo aliyoyaona. Toka siku hiyo hadi anapozirudisha, gari ni lake kulilinda na ni lake kulijibia. Walikuwa na msemo wao: mwenye ufunguo ndiye mwenye gari.

Kifuko kikaanza kuzunguka meza. Diwani wa magodoro alikisogeza upesi, akasema mgongo wake hauruhusu. Wa pili alikuwa na mzio wa vumbi. Wa tatu alikuwa na msiba, ingawa hakukumbuka wa nani. Kifuko kilipita mikononi mwao kama kaa la moto, hadi kikafika mbele ya mwakilishi mpya wa wananchi na kusimama.

Mtu mwenye hekima angejiuliza kwa nini. Lakini tamaa ina adabu zake: ikiingia, hekima humpisha kiti. Asali alikwisha kuliona gari likiuzwa, fedha zikiwa mfukoni, kochi la dada likiwa kumbukumbu.

“Wananchi hawakatai kazi,” akasema, na kufunga vidole juu ya mahameli.

“Mungu akubariki, mwanangu,” akasema Mama Mwenyekiti, na akaokota sindano zake.

Hakwenda kulikagua. Banda lilitazamana na kituo cha askari wa jiji, na huko saluti si za wote. Wapo waliomfahamu kwa vibandiko. Aliliangalia kutoka ng'ambo ya barabara, akaona milango imefungwa kwa kufuli jipya, akaridhika. Zaidi ya hayo, alikuwa na itikadi ya kazi: muuza paka ndani ya gunia hana haja ya kulifungua gunia mapema.

Kikao kilichofuata alisimama, akashika kifua, akalieleza gari. Alisema tairi zake zinang'aa kama macho ya bibi harusi. Alisema aliligonga ubavuni likamjibu kwa sauti ya afya, na kwamba alipoligusa kwa mkono, wekundu wake nusura umbakie kiganjani. Kamanda wa zimamoto alimsikiliza mdomo wazi, kama mtu anayesimuliwa habari za nduguye aliyepotea baharini. Diwani wa magodoro alifuta jicho. Mwenyekiti alisema taarifa tamu namna hiyo haijapata kusikika, na akapendekeza mwakilishi aendelee kukaa na funguo. Mikono yote ikapanda, mingine miwili miwili.

Yule dada, alipoambiwa jioni kwamba mdogo wake sasa anasimamia usalama wa jiji, aliweka mwiko chini. Halafu akaenda kukagua kitasa cha mlango.

Mnunuzi hakuwa wa kutafutwa. Jiji lilikuwa na shida ya maji, na shida ile ilikuwa na baba, mzee mmoja aliyeitwa Mwenye Maji, ambaye maboza yake yalipita mitaani yakiuza maji kwa ndoo. Asali alimkuta ofisini kwake, akaketi, akashusha sauti. Baraza, alisema, linataka kuliondoa gari la zimamoto kimyakimya. Ni tangi kubwa, pampu nzima. Mtu akilipaka rangi nyingine, nani atalijua?

Mwenye Maji alimtazama muda mrefu. Kisha akacheka, akacheka hadi akakohoa, akakohoa hadi akaletewa maji.

“Lile jekundu?” akauliza, akifuta machozi.

“Lenyewe, mzee wangu. Nimelikagua kwa mikono hii.”

“Umelikagua.”

“Tairi kama macho ya bibi harusi.”

“Basi, mwanangu, Ijumaa alasiri nitakupitia na boza langu jipya, twende tukamwone huyo bibi harusi.” Na alipokuwa akimsindikiza mlangoni bado mabega yalikuwa yakimtikisika. Asali alihesabu kicheko hicho kuwa dalili njema. Mteja anayecheka, aliamini, mkono wake hauko mbali na mfuko.

Ijumaa boza lilifika, la buluu, bichi kwa rangi. Asali alipanda. Njiani aliona mambo kadhaa na kuyaelewa yote vibaya. Aliona rangi ya buluu imebanduka karibu na kitasa, na chini yake pana wekundu kama fizi. Aliona kulabu zimepangwa nyuma ya viti, za kutundikia kitu cha ukubwa wa kichwa. Aliona kitufe kikubwa kimefunikwa kwa plasta. Naye akajisemea moyoni kwamba mzee huyu bila shaka ameshanunua gari la namna hii kwenye mji mwingine, basi bidhaa anaijua, hapatakuwa na kubishana.

Mzee akaegesha mbele ya banda, akazima gari, akashuka na ufunguo wake mfukoni. Asali akafungua kufuli, akasukuma milango miwili kwa madaha ya mwenye kuzindua daraja.

Ndani palikuwa na doa la oili sakafuni, ngazi isiyofika popote, na paka aliyekuwa akinyonyesha.

“Mwanangu,” ikasema sauti nyuma yake, “gari liko wapi?”

Kamati nzima ilikuwa imesimama uani. Mama Mwenyekiti alikuwa mbele na sweta lake, kamanda ubavuni na helmeti yake, na nyuma wale askari wawili, ambao safari hii hawakupiga saluti. Mwenye Maji alikuwa amehama upande, amesimama karibu na mwenyekiti kama mtu aliyesimama nyumbani kwake.

Hapo Asali akaelewa yote kwa mkupuo, kwa mpangilio sahihi, tena kwa staha fulani, kama fundi aonapo kazi ya fundi mwenzake. Gari lilikwisha kuuzwa zamani. Walioliuza walikuwa wale wale waliopongezana kwa usalama wake. Walichokosa kilikuwa ni shingo ya kuvika kitanzi siku ya kuulizwa, na shingo ile iliingia yenyewe, imevaa tai.

“Halikuwepo,” akasema.

“Mbona ulitueleza tairi zake?” akauliza mwenyekiti kwa upole. “Kamati yote ilisikia. Huyu hapa alilia.”

Diwani wa magodoro akathibitisha kwamba alilia.

“Meya anakuja Jumatatu kuliona,” mwenyekiti akaendelea, akihesabu vitanzi vya sweta. “Tutamwambia nini? Tutamwambia kweli. Tulimkabidhi mtu, akatuhakikishia lipo, kisha halipo. Desturi unaijua.”

“Niikumbushe, mama.”

“Mwenye ufunguo ndiye mwenye gari.”

Jicho la Asali lilikwenda kwenye kulabu zile ndani ya boza, likapita kwenye wekundu wa kitasani, likateremka hadi kwenye kifuko cha mahameli. Funguo mbili. Wa banda ulikuwa bado unaning'inia kwenye kufuli. Wa pili hakupata kuutumia.

“Mimi ni mtu mgumu wa kuelewa,” akasema kwa unyenyekevu. “Na afande hawa ni mashahidi, wasije wakasema hawakusikia. Gari la zimamoto la jiji hili, kwa desturi ya kamati, ni la nani?”

“La mwenye ufunguo,” akasema kamanda, aliyependa maswali mepesi.

“Lipo chini ya nani hadi funguo zirudishwe?”

“Chini yako,” wakasema madiwani, kwa sauti moja ambayo haikuwahi kupatikana kwenye kikao.

“Na popote lilipo?”

“Popote lilipo,” akasema Mama Mwenyekiti, na papo hapo sindano zake zikasimama. Alikuwa mwerevu kuliko wote. Lakini alikuwa amekwisha kulitamka.

Asali akawaomba askari wamruhusu achukue koti lake, alilolisahau kwenye boza. Wakaruhusu; mtu anayekwenda jela ana haki ya koti. Akapanda, akafunga mlango, akaingiza ufunguo wa pili wa kifuko cha mahameli. Gari likamtambua mara moja, likanguruma kama ng'ombe aliyesikia sauti ya mchungaji wake. Akabandua plasta, akabonyeza kitufe, na king'ora kilichokuwa bubu siku nyingi kikalia mtaa mzima.

“Gari langu,” akapiga kelele Mwenye Maji. “Afande, anaiba gari langu.”

Askari mmoja akalitazama boza, akamgeukia mzee. “Lako, mzee? Mbona lina king'ora cha zimamoto? Ulilipata wapi?”

Mwenye Maji akafungua mdomo. Akamtazama Mama Mwenyekiti. Mama Mwenyekiti akatazama sweta. Mzee akaufunga mdomo, na tangu siku hiyo anasemekana kuwa msikilizaji mzuri.

Asali akatokomea barabarani, na kila chombo kikampisha, kama sheria inavyoagiza. Asubuhi yake dada yake alikuta mapipa yote ya uani yamejaa maji hadi shingoni, na juu ya kochi, badala ya mtu, kibandiko: “Kochi Hili Limethibitishwa.” Shemeji alikisoma mara mbili, akatikisa kichwa, wala hakukibandua. Mwenyewe, wasafiri wanasema, yuko mji wa mbali, anauza maji kwa king'ora, na wateja wanatoka mbio.

Kamati ikabaki na tatizo jipya la kisheria. Haikuweza kusema gari limeibwa, kwani lilikuwa kwa mwenye ufunguo. Haikuweza kusema lilipo, kwani haikujua. Meya aliambiwa liko kazini. Akafurahi, akasema atasubiri lirudi, na akaongeza kwamba atasubiri papo hapo.

Basi likatokea jambo ambalo halijapata kutokea. Kamati ya Usalama wa Jiji ikatoka nje. Madiwani watano waliingia mitaani kwa miguu, wakachungulia vichochoro, wakainama kwenye mitaro, wakauliza habari za taa zilizozimika na mabomba yaliyokauka, wakati wote wakisaka kitu wasichoweza kukitaja. Wananchi waliguswa sana. Wengine waliwaletea viti.

Kwenye kona moja Mama Mwenyekiti, jasho likimtiririka, sweta kwapani, alimkuta mwanamke akianua nguo.

“Mwenzangu,” akamwambia, “hujaona gari kubwa la buluu likipita hapa?”

Mwanamke akakunja shuka lake taratibu, akaliweka kwenye beseni, akamtazama mgeni kuanzia miwani hadi viatu.

“La buluu sijui, mama,” akajibu. “Sisi huku, tangu jiko la jirani liungue mwaka jana, bado tunangoja lile jekundu.”