Vidonge vya Akili vya Ramathan

Jumatatu, 2 Septemba 1974
Malaba. Mvua. Malori yamepanga foleni mpaka kwenye kinu cha posho. Bwana Ignatius, mwenye ofisi yetu ya kutolea mizigo forodhani, ametuita mimi na karani mwenzangu Paulinus. Anafungua tawi Busia. Jumamosi atatuuliza viwango vya ushuru bila kufungua kitabu. Atakayejua zaidi ndiye mkuu wa tawi. Kuna kiti cha kuzunguka. Changu cha sasa kimeshikiliwa na tofali. Paulinus alitabasamu. Sikuona cha kutabasamia.

Jioni nimekutana na Ramathan, dereva wa lori la Mombasa. Ana kopo la vidonge vyeupe alivyopewa na baharia. Si mizizi wala majani, anasema. Vimetengenezwa maabara, Ulaya, na vinatia kichwa kumbukumbu. Wazungu huvimeza kabla ya mtihani. Nimempa viatu vyangu vya Jumapili, naye akanipa kopo. Mkuu wa tawi atanunua vingine.

Jumanne, 3 Septemba
Nimefikiria usalama. Mwenye busara hamezi dawa ngeni kabla haijajaribiwa. Lakini kwa nani? Kichwa changu ni kimoja. Cha Paulinus pia ni kimoja, ila hicho sitakililia sana. Nimesaga vidonge viwili, nikavikoroga kwenye chai ya saa nne, nikampelekea mezani. Alishangaa. Akauliza kama nimeokoka. Nikamwambia kazi ni upendo. Kisha dereva mmoja akaniita nje. Niliporudi kikombe kilikuwa kitupu, na Paulinus hajaanguka.

Jumatano, 4 Septemba
Paulinus mzima. Tena anaimba. Huku akichonga penseli ametaja ushuru wa nguo zote, za pamba na za sufu, bila kukohoa. Nimeingiwa na baridi. Nimempa adui akili kwa mkono wangu! Na Bwana Ignatius naye leo mkali ajabu: amekumbuka kwamba shangazi yangu mmoja nimemzika mara mbili. Kuanzia sasa vidonge ni vyangu peke yangu. Karatasi ya kopo inasema kimoja asubuhi. Nimemeza vitatu. Mimi nimechelewa kuanza.

Alhamisi, 5 Septemba
Vinne. Moyo unakwenda kama cherehani. Mikono inatetemeka, nadhani ni akili inaingia. Usingizi umenikimbia, lakini sura nzima ya nguo nimeshaikariri. Mke wangu Phoebe ameuliza kwa nini naongea na kabati. Nikamwambia nalifundisha. Amehamishia visu jikoni kwa jirani.

Ijumaa, 6 Septemba
Kichwa kinapasuka. Nimeenda dispensari, Amagoro. Sista Benedetta alisoma karatasi ya kopo hadi mwisho, jambo ambalo mimi sikulifanya. Akasema dawa hii wanapewa wazee ambao ubongo wao umeguswa na ugonjwa, tena daktari ndiye anayewapimia. Mwenye figo mbovu inaweza kumdhuru. Kwa mtu mwenye afya, hajasikia aliyethibitisha kwamba inaongeza chochote. Nikauliza, je, mtu akinywa bila kujua? Akaweka kopo chini.

"Bwana Phanuel, kuna mtu umempa?"

Nikasema nauliza tu, kwa kupenda elimu.

"Basi jua kwamba kumpa mtu dawa kwa siri ni ubaya, hata asipougua. Na wewe, acha hivi vidonge, nenda ukalale."

Ni mwema, lakini hajui habari za kiti.

Jumamosi, 7 Septemba
Vitano. Bwana Ignatius akauliza ushuru wa baiskeli. Niliuona ukurasa wote mbele ya macho: namba yake, doa la mafuta pembeni, jina la mpiga chapa. Vyote nikavitaja. Ushuru peke yake sikuuona. Akauliza samaki wakavu. Nikaeleza nguo. Swali la tatu silijui, kwa maana niliamshwa na makofi, shavu likiwa juu ya pedi ya wino. Walikuwa wanampigia Paulinus.

Nilimpa mkono. Nikamuuliza kwa upole kama chai ya Jumanne ilimkaa vizuri. Akasema hakuinywa. Ilikuwa chungu, akampa Bwana Ignatius, ambaye hunywa chochote. Ushuru aliusoma na mkewe, kila jioni baada ya chakula, mke akiuliza naye akijibu.

Mke! Hilo Ramathan hakunieleza. Kisha nikaikumbuka chai. Bosi! Na je, figo zake?

Jumapili, 8 Septemba
Nimelala mpaka saa sita. Phoebe amemwona Bwana Ignatius kanisani, anaimba kuliko kwaya. Nimemshukuru Mungu kwa dhati. Phoebe akasema yuko tayari kuniuliza ushuru kila jioni, kwani huenda tawi lingine litafunguliwa. Nikamwambia asijisumbue, mambo ya forodha ni mazito.

Nimechunguza kisa chote kwa kichwa kilichopumzika. Kosa halikuwa vidonge, wala wingi wake. Kosa ni sauti. Paulinus hujibu kwa sauti nene. Yangu ni ya mtetea. Bahati nzuri Ramathan amepita mchana na chupa ya dawa ya koo kutoka Kampala, rangi ya majani. Inatia sauti ya mkuu wa wilaya. Karatasi inasema kijiko kimoja kwa siku. Kijiko cha ukubwa gani, hawakusema.

Nimetumia upawa.