Katika Biblia Mdogo Ndiye Hushinda

Jumatatu, 3 Machi

Baba ametangaza. Jumapili hii, baada ya chakula cha mchana, atakabidhi funguo za bekari. Macho yamechoka, magoti yamechoka, na yeye mwenyewe amechoka kuulizwa hamira iko wapi. Hakusema atampa nani. Kaka, mzaliwa wa kwanza, aliendelea kukanda unga kana kwamba habari haimhusu. Huo ndio ujanja wa wakubwa.

Zamani ningekata tamaa. Kaka hachelewi, haunguzi, hasahau chumvi. Mimi juzi nilisahau chumvi. Lakini jana kwenye darasa la Biblia nimefunguka macho. Mwalimu wetu, mama mshonaji mwenye cherehani pale sokoni, ana desturi yake. Akimaliza kusimulia, kila mmoja lazima aseme yeye ni nani katika hadithi hiyo, kisha wiki nzima aishi akilijua hilo. Jana ilikuwa mwana mpotevu. Wenzangu wote walijidai wanyenyekevu, mmoja akasema yeye ni nguruwe. Mimi nilisema wazi kuwa ni mwana mdogo, yule anayefanyiwa karamu. Mwalimu aliniangalia kidogo, akasema tuombe.

Njiani kurudi nikawaza. Esau mkubwa, Yakobo mdogo: baraka ilikwenda kwa nani? Kaka zake Yusufu wamejaa nyumba nzima: nani alikuja kuwa mkubwa kule Misri? Kaka zake Daudi warefu, wenye vifua: mafuta yalimiminwa kichwani kwa nani? Kitabu kizima kiko hivyo! Wakubwa wanaanguka kuanzia Kaini. Na mimi ni mtoto wa pili. Funguo ni zangu, zimeshaandikwa.

Nilimweleza mke wangu. Akauliza hao wadogo walikuwa na kazi gani. Nikasema kuchunga kondoo, lakini hilo si la msingi. Akasema trei za bekari hazijioshi zenyewe. Sikuona uhusiano.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza na Yusufu. Mpango ni rahisi: unasimulia ndoto, ndugu wanakuchukia, wanakutupa shimoni, halafu unapanda cheo.

Kwenye chai nikasema nimeota mikate yote imepangwa kwenye trei, wangu ukasimama wima, mingine ikauinamia. Nikangoja chuki. Kaka alifikiri kidogo, akasema mkate ukiinama ni kwamba haukuachwa uumuke vizuri. Baba akauliza nilikula nini jana. Dada yetu mdogo, ambaye siku zote yuko kwenye tanuri na wala hayumo kwenye mambo haya, akauliza kama katika ndoto trei zilikuwa zimeoshwa.

Hakuna aliyekasirika. Nikaenda kusimama karibu na shimo la majivu nyuma ya bekari, ili kumrahisishia Kaka. Akaja. Nikafumba macho. Alikuwa ameniletea kigoda, kasema naonekana nimechoka.

Sielewi. Ndugu zake Yusufu walikuwa wepesi zaidi wa kuelewa.

Jumatano, 5 Machi

Yakobo. Kwa nini sikuanza naye? Baba yake haoni vizuri, baba yangu haoni vizuri. Kaka yake ana mikono ya manyoya, Kaka anavaa sweta la sufu hata mbele ya tanuri. Mambo yamejipanga yenyewe.

Kaka alipokwenda kupeleka mikate hotelini nikachukua sweta lake na kofia yake. Nikajipaka masizi kidogo ili ninuke moshi. Nikaoka mkate kwa mikono yangu, nikampelekea Baba chumbani. Akauliza kama ni Kaka. Nikaitikia kwa sauti nzito, nikasema nimekuja anibariki.

Alipapasa mkono wa sweta. Akauma mkate. Akatafuna muda mrefu. Halafu akauliza kama ninaumwa, maana leo nimeoka kama mdogo wangu, yule anayesahau chumvi.

Jasho linanitoka ndani ya sufu. Baba akaweka mkate kando, akanishika mkono, akasema kwa sauti ya chini kwamba nisimwache yule mdogo wangu. Eti kila akilala anamfikiria yeye kwanza, kabla ya bekari, kabla ya magoti. Akanipapasa tena, akaniambia niende nikapumzike.

Kila akilala ananifikiria mimi! Bila shaka ni mambo ya funguo. Lakini mbona alisema kama mtu anayemuuguza mgonjwa? Na baraka haikutoka. Yakobo alipata umande wa mbinguni na wingi wa nafaka. Mimi nimepata vipele vya joto.

Kaka amelikuta sweta lina masizi. Amelifua bila kuuliza.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda sokoni kwa Mwalimu. Sikutaja majina. Nikamuuliza, tuseme kuna mwana mdogo fulani, anataka baba yake amfurahie mbele ya watu wote, afanyeje? Akiwa na pini mdomoni akasema arudi nyumbani kwa baba yake, basi. Nikasema huyo mwana yuko nyumbani tayari, hajawahi kwenda popote. Mwalimu akatoa pini mdomoni. Akasema mtu anaweza kuwa ndani ya nyumba na bado hajarudi.

Nimelitafakari neno hilo njia nzima. Ni zito. Hatimaye nikaelewa: huwezi kurudi kama hukuondoka. Kosa langu ni kwamba siondoki! Kesho naondoka.

Mke wangu kasema kesho kuna mikate ya harusi, watu wote wanahitajika. Nikamjibu kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Akasema hajaona bado mtu aliyekwenda tezi kwa makusudi, ili tu apokewe akirudi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwendea Baba asubuhi, nikamwambia anipe sehemu yangu ya mali, nakwenda nchi ya mbali. Akauliza mbali wapi. Nikasema nitajua nikifika. Akatafakari. Akanipa mikate miwili kwenye kikapu, akasema kikapu nikirudishe.

Shemeji, kaka yake mke wangu, anakaa mtaa wa pili kutoka kwetu, na anafuga nguruwe. Ndiyo sababu nimemchagua yeye. Nikamwomba niwalishe nguruwe wake, nisipewe chakula, na asimwambie mtu kuwa niko kwake. Shemeji ni mtu wa maswali machache. Akanipa ndoo.

Kuitapanya mali kulikwenda haraka kuliko nilivyopanga. Niliweka kikapu chini ili nifunge lango, nguruwe jike akala mikate yote miwili na mshikio wa kikapu. Basi nikakaa kwenye matope kutamani maganda yao. Nilijitahidi sana kuyatamani. Ila shemeji akaja na sahani ya wali na maharage, akasema dada yake atamla nyama akisikia nimeshinda njaa. Nikamwambia ananiharibia. Akaniongezea maharage.

Nimengoja watu waje kunitafuta. Hakuna. Shemeji alirudi kutoka dukani akasema nyumbani wanadhani niko bekari, na bekari wanadhani niko nyumbani naumwa. Hilo liliniuma kweli. Mwana mpotevu mwenzangu angalau walijua amepotea.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya kurudi. Nimeyakariri maneno: Baba, nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako. Nguo zinanuka barabara. Nimekataa maji ya kuoga niliyotengewa na shemeji.

Katika hadithi baba humwona mwanawe angali mbali, akamkimbilia. Baba alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya bekari, uso ameuelekeza barabarani. Vizuri. Nikasimama kwenye kona kwa kinyozi, nikapunga mkono. Baba hakuniona. Nikapunga mikono miwili. Nikakohoa. Kinyozi akatoka kuniuliza kama nimeumwa na nyuki.

Kumbe nilisahau kwamba Baba haoni mbali! Nimepanga jambo zima juu ya macho yaliyochoka. Nikasogea hatua chache, nikasimama tena. Hapo mlango ukafunguka na mtu akatoka mbio, aproni inapepea, unga mpaka kwenye nyusi.

Kaka.

Alinikumbatia na matope yangu yote. Alikuwa anahema. Akasema jana jioni ndipo walipogundua sipo huku wala kule, amezunguka mtaa mzima, amefika mpaka hospitali. Akavua shati lake safi akanivika palepale barabarani. Wala hakuuliza lolote. Nikaanza kumwambia maneno niliyokariri, kisha nikakumbuka si yeye anayetakiwa kuambiwa, nikanyamaza katikati.

Nimechanganyikiwa kupita kiasi. Kaka mkubwa anatakiwa kugoma nje, akinung'unika. Amekimbia yeye! Sasa baba ni nani? Na Baba mwenyewe akafika akipapasa ukuta, akanishika uso, akalia kidogo, akarudi ndani. Nilitaka kulia na mimi, bila kujua ni sehemu gani ya hadithi.

Ndama aliyenona hakuchinjwa. Mikate ya harusi ilikuwa imewashinda kwa kukosa mtu mmoja, hawajalala. Dada mdogo alinipa kipande kilichopasuka, akanionyesha trei.

Jumapili, 9 Machi



Chakula kiliisha. Baba akasimama, akatoa funguo mfukoni. Nikarekebisha kola. Kaka alikuwa anatabasamu, nikamwonea huruma, maskini, mzaliwa wa kwanza hajui yanayomngoja.

Baba akazitia funguo mkononi mwa dada yetu mdogo.

Hakuna aliyeshtuka ila mimi. Mke wangu alipiga makofi, na watoto wangu. Baba akaeleza kwamba Kaka mwenyewe ndiye aliyeomba iwe hivyo. Kaka akasema yeye ni mtu wa kukanda donge, wateja na watu wa kiwanda cha unga wanamtoa jasho, na kwamba tangu Baba aanze kupoteza macho, ni dada aliyeibeba bekari, sisi wengine tunashika tu pembeni. Dada akalia, akaficha uso kwenye aproni.

Mdogo ameshinda, kama ilivyoandikwa. Biblia haikukosea hata nukta. Ila mimi, kwa sababu ambazo sizielewi, sikuwahi kufikiri kwamba baada yangu alizaliwa mtu.

Kwa hiyo mimi ni kaka mkubwa. Miaka yote hii!

Watu walipotawanyika Baba aliniita kwenye benchi. Akasema Ijumaa hakuingia kulala. Alikaa pale nje akisikiliza hatua za wapita njia, kwa kuwa macho hayamsaidii, na kila aliyepita alimuuliza kama ni mimi. Mlevi mmoja alimjibu kuwa ndiye, akamnyanyua moyo bure. Kisha akanishika mkono, akasema nisihangaike tena na sweta za watu wala na nguruwe. Mimi niko naye siku zote. Kila alicho nacho ni changu, sihitaji funguo za kukifungulia.

Sikumbuki lini nilikaa karibu naye namna ile. Tulikaa hivyo mpaka jua likahama benchi, na kwa muda huo wote sikuwa na mpango wowote.

Nilipofika nyumbani maneno yake yakanisumbua. Niliwahi kuyasikia mahali. Nikafungua Biblia. Nimeyakuta palepale mwishoni mwa hadithi ya mwana mpotevu, karibu neno kwa neno. Na anaambiwa nani? Yule mkubwa! Aliyebaki nje! Asiyepata hata mwana-mbuzi!

Yaani Baba ameninyima funguo, halafu akaniita mnung'unikaji. Nimemwambia mke wangu. Ameomba nisome tena polepole. Nimesoma tena. Imekuwa mbaya zaidi.

Jumatatu, 10 Machi

Usingizi umenipa akili. Kama mimi ni mkubwa, nitafute mkubwa aliyefanikiwa. Nimemaliza asubuhi nzima kutafuta, nimempata: Haruni! Kaka yake Musa. Mdogo ndiye kiongozi, sawa, lakini Haruni ndiye msemaji, ndiye mwenye mavazi mazuri, na Musa anapopanda mlimani, watu wote wanaachiwa Haruni. Hapo ndipo nilipofika kusoma. Inatosha.

Mambo yanakwenda yenyewe. Dada mdogo kesho anasafiri kuzungumza na watu wa kiwanda cha unga, na Kaka anapeleka mikate. Nimemwambia dada asiwe na wasiwasi, bekari naishika mimi. Alisitasita, akamtazama Baba. Baba akasema mpe. Akanipa funguo.

Nimeshapata wazo la kuwavutia wateja akiwa hayupo. Kitu cha kuwekwa dirishani, ambacho mtaa mzima utakuja kukizunguka na kukistaajabia. Ndama niliyenyimwa Jumamosi nitajiokea mwenyewe: mkate mmoja mkubwa wenye umbo la ndama, pembe, mkia, kila kitu, nimpake yai juu mpaka ang'ae kama dhahabu.

Nimemweleza mke wangu. Ameuliza nimesoma mpaka mstari upi. Nikamwambia. Amecheka mpaka akakaa chini, akafuta machozi, na hataki kusema kwa nini. Nadhani amefurahi.