Majiko Niliyowanyang'anya Bwenini

Jumatatu, 3 Juni
Ushindi! Chuo kimetupatia chumba cha kuhifadhi historia ya maisha ya wanafunzi. Kwa majaribio tu. Mkuu wa Chuo atakikagua Ijumaa. Kisipompendeza, kitajazwa viti vibovu. Mkutubi mstaafu, mwenzangu katika kazi hii, ameshatundika picha za mahafali ukuta mzima. Nimemweleza kwa upole kwamba hakuna mwanafunzi aliyeishi ndani ya joho, tuonyeshe sufuria walizopikia. Akasema hakuna aliyeishi ndani ya sufuria pia. Hajui kitu! Nilikuwa mlezi wa bweni miaka thelathini. Vyombo vyote nilivyowanyang'anya wanafunzi viko bandani kwangu.

Jumanne, 4 Juni
Nimevihamisha kwa toroli. Mke wangu amefurahi kuliko siku ya harusi yetu. Maelezo kwa vizazi vijavyo: kupika vyumbani kulikatazwa, kwa hiyo walipika. Jiko lilikuwa tofali lililochongwa mfereji, ndani yake umelazwa waya wa umeme. Likiwashwa, taa za ghorofa nzima hufifia. Nami taa zikififia, hupanda ngazi. Kila chombo nilikibandika karatasi: namba ya chumba, na ahadi kwamba kitarudishwa mwisho wa muhula. Hakuna aliyekuja kudai. Nani adai ushahidi wa kosa lake?

Jumatano, 5 Juni
Wazo la ajabu! Picha za Mkutubi hazisemi. Mimi nitaleta wanaosema. Nimewatumia wahitimu wa zamani ujumbe: Ijumaa njooni muone vyombo vyenu. "Vyenu" nimelirudia mara kadhaa, wasikie upendo. Mkutubi ameniuliza kama nimefikiri vizuri. Mwenye wivu ajinyonge.

Ijumaa, 7 Juni
Wamejaa. Vipara, miwani, vitambi. Nilisimama mlangoni kama baba wa bwana harusi. Wa kwanza aliniamkia, akasoma karatasi, akasema muhula umekwisha, akatia kwapani pasi yake ya kukaangia mayai. Wa pili vivyo hivyo. Nikawaeleza maana ya urithi wa pamoja. Walinisikiliza kwa heshima kubwa, sufuria mikononi. Punde rafu zikabaki tupu kama kinywa cha kichanga. Chumba changu! Nikaviona viti vibovu vikiingia.

Mwenye tofali la mwisho ni hakimu siku hizi, mama mzima. Alilipakata kama mtoto.

"Shikamoo, Baba. Unakumbuka uliponinyang'anya hili?"

Nikasema kanuni ni kanuni.

"Ukarudi na chupa ya chai na mkate. Ukasema ni chai ya bweni, ninywe nisome."

Nikakohoa. Kutoka koridoni mwenye pasi, aliyekuwa akiondoka, akapaza sauti kwamba hata yeye aliinywa chai hiyo. Mwingine akasema yake ilikuwa na tangawizi. Wakarudi ndani mmoja mmoja, wakakaa juu ya sufuria zao walizozifudikiza sakafuni. Bweni halikuwahi kuwa na fungu la chai. Mke wangu alishangaa miaka yote majani yanaishia wapi.

Wakasimulia: nani alifichwa kabatini, nani alilia kwa barua ya mama, nani alichangia shati moja na mwenzake. Mkutubi aliwasha kinasa sauti bila kuniuliza. Mkuu wa Chuo alipofika akataka kujua maonyesho yako wapi. Mkutubi angeweza kunyoosha kidole ukutani, kwenye picha zake. Hakufanya hivyo.

"Ndio hawa waliokaa chini," alisema. "Na huyu mzee ndiye aliyewaleta."

Mkuu wa Chuo alivua koti, akaketi nao. Chumba ni chetu.

Jumamosi, 8 Juni
Mkutubi amenishauri: sauti zinatosha, tuachane na vyombo vya watu. Nimekubali kwa moyo mmoja. Nikirudi nyumbani nimepita kando ya bweni jipya. Harufu ya vitunguu vikikaangwa, ghorofa ya pili! Magoti yamelalamika, nimepanda. Kafungua binti mwembamba, wa mwaka wa kwanza, kitabu mkononi. Nimemweleza kanuni zote. Hakujua kwamba nimestaafu, nami sikuona haja ya kumchosha. Jiko lake sasa liko chumbani kwetu, kwenye rafu ya katikati, linapendeza sana. Mke wangu anapakua chakula. Nimemwambia aongeze kidogo, kwenye chombo chenye kifuniko. Leo nina njaa ya watu wawili.