Mgongo Wangu na Mtaro wa Zahanati

Jumamosi, 6 Julai

Malengelenge manne. Mawili kila kiganja. Nimemwonyesha mke wangu Fides, akasema ya kwake yana miaka ishirini na nne na hajawahi kumwonyesha mtu.

Leo Klabu ya Huduma ya Mlowo tumechimba mtaro. Tuko kumi na wawili, wengi wetu wafanyabiashara wa hapa barabarani. Mimi nauza sufuria na sahani. Mtaro unatoka kwenye tangi la kijiji kwenda zahanati, maana pale zahanati hakuna maji hata tone. Nesi Tabita anamwambia kila mjamzito aje na ndoo mbili za maji siku ya kujifungua. Ijumaa fundi anakuja na mabomba. Asipokuta mtaro umefika ukutani anageuza gari, na mabomba yanakwenda Mbangala, ambako wenzetu wameshachimba wanasubiri.

Aliyebuni kazi hii Mungu ambariki. Aliyebuni utaratibu wake sijui. Kila mwanachama anapimiwa kipande kwa kamba, na kipande ni chako hadi kiishe. Kamba inashikwa na mwenyekiti, Mama Gwantwa, muuza vitenge. Kwa desturi yetu mwenyekiti hashiki jembe. Anashika kamba tu! Nimemtazama asubuhi nzima na nimejiuliza kwa nini sikugombea.

Kipande changu kimeangukia penye changarawe. Hatua kumi. Cha Yesaya, mwenye duka la mbao, ni udongo laini, akachimba huku anaimba tenzi. Huyu huimba kila anaponizidi. Mimi nilipofika hatua moja na nusu nikatazama mbele, nikaona siku nyingine tano za sururu. Nikapiga ukelele. Nikashika kiuno. Nikaanguka, kwa uangalifu, upande wenye nyasi.

Walikuja wote mbio. Mwenzetu Edson akanipakia kwenye bajaji yake, na kila penye shimo akaniomba radhi kana kwamba shimo kalichimba yeye. Mtu mwema sana. Niko kitandani tangu saa sita mchana. Mpango umekwenda vizuri kuliko nilivyotegemea.

Jumapili, 7 Julai

Sikwenda kanisani. Kanisa limekuja kwangu.

Mama Gwantwa kaleta kuku. Edson kaleta ndizi mkungu mzima. Wengine maziwa, maharage, unga wa ulezi. Wameniombea kwa zamu. Mama Gwantwa amenikanda kiuno kwa maji ya moto na chumvi, na nimelia kwelikweli, maana maji yalikuwa ya moto mno. Wakasema mnaona anavyoumia.

Binti yangu Roda alisimama mlangoni akilia. Ana mimba ya kwanza, na kama kawaida yetu amerudi nyumbani kujifungulia kwa mama yake. Siku zake zimekaribia. Nilitaka kumkonyeza asilie, ila Yesaya alikuwa ananitazama.

Huyo Yesaya! Amekuja na ubao. Ubao wa mninga, mrefu kuliko mimi, ameuranda mwenyewe jana jioni. Anasema mgonjwa wa mgongo halali kwenye godoro. Kabla sijafungua mdomo godoro langu limeshatolewa na kupewa Roda. Nimeshukuru. Ningefanya nini?

Fides hajasema neno siku nzima. Amepika kuku, akaniletea shingo.

Jumatatu, 8 Julai

Ubao wa mninga ni mgumu. Naandika hivyo ili ijulikane.

Mama Gwantwa kapita kunijulia hali, akanisomea katiba ya klabu. Kifungu cha tisa: mwanachama akiugua, kazi ya klabu itahamia nyumbani kwake, naye mgonjwa ndiye atakayesema kazi gani ifanywe. Nikamwambia kifungu kizuri sana, nani alikipendekeza. Akasema ni mimi.

Kumbe! Ni kweli, mwaka jana, msimu wa kahawa. Nilikuwa na maana yangu. Halafu sikuugua, nikasahau.

Akaniuliza kazi gani. Mgonjwa hapaswi kufikiri sana. Nikasema kwa sauti ya chini kwamba kahawa imeiva, na hakuna wa kuichuma. Mama Gwantwa akapangusa macho kwa ncha ya kitenge. Wanakuja kesho wote.

Siwezi kueleza furaha yangu. Nimegeuka upande wa pili wa ubao. Ni mgumu vilevile.

Jumanne, 9 Julai

Nimewatazama kupitia dirishani. Watu kumi na mmoja katika kahawa yangu! Wamevaa majaketi na kofia za sufu, maana Julai ya huku Mbozi baridi yake haina mchezo. Yesaya kabeba madebe mawili kwa mkupuo. Mama Gwantwa kachuma mstari mzima bila kunyanyua kichwa. Edson ni wa Tunduma mpakani, kahawa anaijua kwenye kikombe tu, kwa hiyo kachuma mbivu na mbichi pamoja. Wamemkalisha pembeni achambue. Kachambua huku anajisikitikia, eti amemharibia mgonjwa wa watu kahawa yake.

Nilifurahi mpaka mchana. Baada ya mchana nikaanza kuona kitu kifuani, siyo mgongoni. Watu hawa wamefunga maduka yao. Bajaji ya Edson imesimama uani tangu asubuhi na abiria wanampigia simu. Hakuna aliyenitajia hilo.

Jioni Roda kaniletea uji. Akakaa pembeni ya ubao, mikono juu ya tumbo.

“Baba, ndoo zangu mbili nimeshazitenga. Ila Nesi Tabita anasema mtaro ukiisha sitazihitaji.”

Nikamuuliza mtaro umebaki kiasi gani. Akasema hatua sitini, tangu Jumamosi haujaongezeka hata moja, kwa sababu watu wote wako kwenye kahawa ya baba. Hakusema kwa ubaya. Alinipa kijiko.

Leo Jumanne. Fundi Ijumaa. Na kesho klabu inarudi kwangu kumalizia mistari minne.

Jumatano, 10 Julai

Nimeamua kusema kweli. Naandika tarehe kwa uangalifu kwa sababu jambo hili halijawahi kutokea.

Saa mbili asubuhi walikuwa uani, madebe mkononi. Nikawaita wote chumbani. Wakajipanga kuzunguka ubao. Nikasema.

“Ndugu zangu, mimi ni mzima. Mgongo nimesingizia. Nilikuwa nakimbia sururu. Acheni kahawa, nendeni mkachimbe.”

Nikajiandaa kutukanwa, na nilistahili. Yesaya akavua kofia. Macho yamemjaa maji.

“Mmemsikia?” akawaambia wenzake. “Mtu yuko tayari aitwe mwongo, ili sisi tusichoke.”

Mama Gwantwa akasema Baba Roda, hata utufukuze kwa maneno makali kuliko hayo, hatuondoki. Edson akasema katika maisha yake hajaona unyenyekevu wa namna hii. Wakaniombea tena! Nikawakatiza. Nikaapa. Nikaeleza nilivyochagua penye nyasi. Wakatikisa vichwa kwa huruma, wakasema ni homa inapanda.

Basi, nikaona dawa ni kuwaonyesha. Nikatupa blanketi niruke nisimame mbele yao.

Nimeruka nusu. Nusu ya pili haikuja. Usiku tatu za mninga zimefanya kazi yake, na kiuno kimekaa pembe kama mlango uliokwama. Mayowe niliyopiga hayakuwa ya Jumamosi. Haya yalikuwa ya kweli, na hata mimi nilisikia tofauti.

Wakanirudisha juu ya ubao wakisema pole, pole. Wakaenda kuchuma kahawa kwa bidii mpya.

Nililia kidogo. Kwa maumivu, na kwa aibu, na kwa sababu nilikuwa nawapenda watu wale waliokuwa wananikosesha maji. Fides akaingia, akafunga mlango. Siku tatu hajasema neno, leo kasema.

“Baba Roda, kifungu chako si kinasema mgonjwa ndiye anachagua kazi? Chagua.”

Mwanamke huyu! Nimemuoa mimi. Kati ya mambo yote niliyofanya kwa hila, hilo ndilo lililotoka vizuri. Nikamwita Mama Gwantwa, nikamwambia kwamba mimi mgonjwa, kwa mujibu wa katiba, nachagua mtaro. Akasoma kifungu mara mbili. Akatoka nje kuwaita watu wakusanye sururu.

Leo wamechimba hadi jua kuzama. Zimebaki hatua thelathini na tatu, Fides kahesabu.

Alhamisi, 11 Julai

Nimewaomba wanipeleke na mimi. Nilisema nikae pembeni niwatie moyo. Kusema kweli nilikuwa naogopa kubaki na ule ubao.

Edson kanishusha kwenye bajaji nikiwa nimeinama, pua inatazama vidole vya miguu. Nikagundua jambo. Nikinyooka nakufa. Nikiinama sisikii kitu! Na pale nilipoinama, chini ya mikono yangu, palikuwa na sururu ya mtu.

Nikachimba. Jamani, nimechimba! Wengine kila baada ya muda wananyooka, wanajishika viuno, wanapumua, wanapiga soga. Mimi siwezi kunyooka, kwa hiyo sikupumzika. Nilimaliza changarawe yangu kabla ya saa tano. Nikaingia kipande cha Edson. Mchana nilikula makande nikiwa nimeinama. Saa tisa nilikuwa ubavuni mwa Yesaya, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, aliyekuwa anaimba ni mimi.

Wakanisihi nipumzike. Nikawaambia siwezi. Wakadhani ni moyo.

Saa kumi na moja na nusu zilibaki hatua mbili, na hapo tukakuta jiwe. Mama Gwantwa akatupa kamba majanini, akakunja kitenge, akashika nyundo. Mwenyekiti! Hakuna aliyesema kitu kuhusu desturi. Tulilipasua kwa zamu, kumi na wawili, hadi sururu ya Yesaya ikagonga ukuta wa zahanati. Nesi Tabita akatoka akatushika mkono mmoja mmoja, matope kwa matope. Aliponifikia mimi ilibidi achuchumae.

Mwanzoni nilijiunga na klabu hii nipate wateja wa sufuria. Leo nimekaa chini katikati yao, mgongo unawaka, mtu ananipitishia chai ya moto, na nikaona sina ninachotaka zaidi. Namshukuru Mungu kwa kila mmoja wao. Hata Yesaya. Hasa Yesaya, ingawa ubao nimeurudisha.

Jumamosi, 13 Julai

Roda kajifungua saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Msichana. Wazima wote wawili.

Fundi alikuja jana kama alivyoahidi, akalaza mabomba, na jioni maji yakatoka kwenye bomba la zahanati, mekundu kwanza, halafu meupe. Mjukuu wangu ni mtoto wa kwanza kuogeshwa kwa maji hayo. Ndoo za Roda ziko palepale nyumbani, kavu. Nilisimama dirishani kwa nje nikasikia maji yakimwagika kwenye beseni, na mtoto akilia kwa hasira. Nikashindwa kuondoka. Kama watu hawa wangebaki kwenye kahawa yangu siku mbili zaidi, nisingesikia sauti ile ya maji. Nimelifikiria hilo kwa muda mrefu, na nimeogopa.

Wameshafika wote na khanga na sabuni. Edson kasema safari zote za Roda za kliniki ni za bure. Wamempa mtoto jina la Enesi, la marehemu mama yangu. Mimi sikuomba. Fides ndiye aliyewaambia. Nimewashukuru mmoja mmoja, kwa mikono miwili.

Nimejiapiza mbele ya Mungu: hila basi. Kuanzia leo mimi Kasiani ni mtu mwingine.

Jumapili, 14 Julai

Mkutano wa klabu baada ya ibada. Mgongo umepona, nimenyooka tangu asubuhi. Wamenisimamisha mbele, wakapiga makofi, wakanipa zawadi ya Mchimbaji wa Mwaka. Ni jembe. Jipya, mpini mrefu, jina langu limechongwa juu yake na Yesaya. Nimetoa machozi ambayo kila mmoja aliyaelewa kwa namna yake.

Halafu Mama Gwantwa akatangaza kazi ya Agosti. Nyumba ya nesi, ili Tabita akae jirani na zahanati. Matofali elfu nne. Kukanyaga udongo kwa miguu, kufyatua, kubeba. Kila mwanachama atapimiwa idadi yake, na mimi, kwa heshima ya kazi niliyofanya, nimeongezewa mia moja.

Nimepiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Kazi njema. Watu wema. Sijui ningekuwa wapi bila wao, na hilo naliandika kwa moyo wangu wote.

Ila goti la kushoto halijatulia tangu nisikie neno udongo. Siyo maumivu hasa. Ni kama onyo. Kesho nitakwenda dukani nikichechemea kidogo, kidogo sana, watu waanze kuzoea. Agosti bado mbali.

Na mahindi yangu, magunia kumi na mawili, hayajapukuchuliwa.