Mashine Isiyojua Njia ya Kwetu

Jumatatu, 18 Februari 2008

Leo Mzee Gichuru ametangaza safari ya Kitui. Kitui! Nilikuwa nimeinama kwenye karai, povu hadi viwikoni. Nusura nimfue mwanangu Kasyoka pamoja na mashuka.

Niandike kwa mpango. Mzee ndiye mwenye ploti ninakofua nguo, Kawangware. Ana gari la nyumba. Si gari la kubeba nyumba. Ni nyumba yenyewe, ina magurudumu: kitanda, sinki, jiko la gesi, mpaka choo. Wajerumani wawili walikuja nalo kutoka kwao, mume na mke, wakaliegesha kwa Mzee. Kura ilipoharibika wakakimbilia ndege, wakamwachia kwa bei ya kutupa. Sasa mke wake, Mama Nyawira, anashinda humo mchana kutwa. Ukiingia unavua viatu.

Mzee anataka kwenda nalo kununua ndengu, maana Kitui wamevuna. Ijumaa ya tarehe 29, nchi ikitulia.

Kwetu ni Mutomo, kulekule Kitui. Mwaitu, mama yangu, hajamwona Kasyoka hata siku moja. Tulipanga Krismasi, ikawa kura. Tukapanga Januari, nauli ikapanda mara tatu. Mtoto ana miezi kumi na jana amesimama akishika stuli! Mwaitu alinipigia kwa simu ya duka. Akasema, Ndinda, huyo akitembea kabla sijamwona, usijisumbue kumleta, atakuja mwenyewe.

Basi nikamwambia Mzee najua njia, anibebe nimwelekeze. Akacheka. Mwenye ploti tano haelekezwi na mtu. Mtu hukosea. Atatafuta mashine ya GPS, ile inayoongea, kata hapa, kata pale. Githinji akadakia hapohapo. Ni mpwa wake, ana kibanda cha simu pale stejini. Ataleta mashine mbili Mzee achague, na yeye mwenyewe atakaa mbele kuibonyeza.

Kiti cha mbele ni kimoja! Usukani wa hili gari uko kushoto, kwa hivyo anayekaa kulia ndiye anamchungulilia dereva kama kunapitika. Nyuma ni Mama Nyawira na magunia. Ni mimi au Githinji.

Nimefikiria nikitembea mpaka kwangu Kianda, Kibera. Mpango: Mzee apate mashine isiyoweza kufanya kazi bila mtu. Mtu ni mimi.

Jumatano, 20 Februari

Mashine ya kwanza imekuja. Pana kama sahani ya pilau, sauti ya mwanamke, Kizungu cha puani. Nikajitolea kuijaribu: inipeleke nyumbani, kesho nilete ripoti. Githinji akasema, mathee, ikipotea Kibera utaniambia nini? Nikasema nitaiambia inirudishe.

Nikaificha ndani ya leso, mgongoni, chini ya makalio ya Kasyoka. Nani atapekua mtoto?

Karibu na reli, vijana watano. Mama unatoka wapi, toa kitambulisho. Ninatafuta kitambulisho. Mara mgongoni kwangu mtoto akasema kwa Kizungu, sauti ya mama mzima, kwamba mita mia mbili mbele tukate kulia.

Vijana wakarudi nyuma. Mmoja akauliza huyo mtoto ana miaka mingapi. Nikasema miezi kumi. Akasema, pita mama, pita tu. Mwingine akavua kofia.

Nyumbani, aibu. Kwenye kioo hakuna Kianda. Hakuna mtaa wa Raila, hakuna Soweto West. Kijani tupu! Mutinda, mume wangu, ni fundi wa mbao na tangu kura kila mtu anataka mlango mpya, lakini aliweka randa chini akasoma. Wameandika msitu. Mama Musimbi anayekaanga mandazi mlangoni kwetu akaja kuuliza yeye yuko wapi. Nikamwonyesha: hapo, kwenye miti. Akasema, miaka kumi na tisa nakaanga hapa, kumbe mimi ni sungura?

Alhamisi, 21 Februari

Ripoti imetolewa. Sikuongeza chumvi, haikuhitaji. Mzee akasema mashine isiyojua anapolala mtu anayemfulia itajuaje Kitui? Nje!

Githinji akajitetea kwamba mashine ni poa, ila kule Kibera hakuna njia. Nikamuuliza mimi huja kazini nikipaa?

Ijumaa, 22 Februari

Mashine ya pili. Mbaya sana. Yaani nzuri sana! Mzee ameiuliza Machakos, imesema. Ameiuliza Kitui, imesema. Nikaiuliza Mutomo kwa siri nikiomba isijue. Inaijua! Mpaka mto. Githinji ameshaanza kukaa kile kiti cha kulia akijipimia miguu.

Lakini nimesikia sauti yake. Ni ya mwanaume, nzito, kama mhubiri aliyepewa kipaza sauti kipya. Nikapata mpango.

Kasyoka hulala saa nne asubuhi. Asipolala saa nne, saa sita hataki hata jina lake. Leo nimemchezesha na vibanio vya nguo mpaka saa sita, halafu nikaingia naye garini wakati Githinji anamwonyesha Mama Nyawira mashine. Mhubiri akafungua mdomo. Kasyoka akafungua wake.

Mungu wangu, yale mayowe! Kila mashine ikitaja barabara, mtoto anapandisha. Mama Nyawira akashika kichwa, akasema ana presha, hawezi kwenda siku nzima na hilo dume likibweka. Githinji akasema sauti inabadilishwa, auntie, dakika moja tu. Akaambiwa aende aibadilishie hukohuko kwake.

Sikumfinya mtoto. Nilimnyima usingizi kidogo tu. Nimemnyonyesha nikamwomba msamaha, akanishika pua.

Jumatatu, 25 Februari

Ushindi! Nilikuwa nasugua droo za gari la nyumba, na chini ya uma na vijiko nikakuta mashine ya tatu. Ndogo, ya kijivu, ya wale Wajerumani wenyewe. Mzee akachomeka waya. Ikawaka. Ikasema maneno mawili ya Kijerumani, polepole, sauti ya mama anayebembeleza. Ikanyamaza. Ikarudia yaleyale mawili.

Kasyoka akacheka! Akaweka kichwa begani kwangu akalala. Saa tatu, kabla hata ya saa yake!

Mama Nyawira akasema hiyo ndiyo mashine. Mzee naye akapenda: imekuja na gari, wamezoeana. Githinji akapiga kelele kwamba hiyo ina njia za Ulaya peke yake, Mzee, hii haijui hata Ngong Road! Nikasema kwa upole kwamba anasema hivyo kwa sababu haikutoka kwake kibandani.

Mzee akauliza, sasa hayo maneno ataelewa nani?

Hapo nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba nilifulia Wajerumani. Ukweli ni kwamba nilifulia Mholanzi wiki mbili na hakuwahi kunisemesha. Mzee akataka kujua basi inasemaje. Nikasikiliza, jicho moja nimefunga. Nikasema, inasema songa mbele, Mzee.

Mzee akafurahi sana. Mashine yenye adabu, haina maneno mengi.

Kiti ni changu!!

Alhamisi, 28 Februari

Wamesaini! Wakubwa wametia mikono kwenye karatasi ya amani, tumesikia kwa redio ya Mama Musimbi. Kianda yote imetoka nje. Watu waliokuwa hawasalimiani tangu Januari wanagongana mabega na kucheka. Mama Musimbi amegawa mandazi bure, kisha akajuta, akaanza kuuza tena.

Nimefunga mizigo. Leso mpya ya Mwaitu. Sukari. Picha ya Kasyoka, ingawa Kasyoka mwenyewe anakuja.

Mutinda akaniuliza kama kweli najua njia. Akanikumbusha safari zote tatu tulizoenda na basi. Ati kila mara nalala tukipita Athi River na kuamka konda akigonga dirisha. Nikamwambia nililala kwa sababu sikuwa na kazi. Sasa nina kazi.

Akatikisa kichwa, akarudi kwa mlango wa watu. Halafu akaja kumbusu mtoto mara tatu.

Ijumaa, 29 Februari

Naandika garini, Kibwezi, jua linatua. Ndiyo, Kibwezi. Barabara ya Mombasa. Nieleze.

Tulitoka vizuri. Nimekaa kulia kama waziri, Kasyoka mapajani. Mzee akitaka kulipita lori nachungulia, nasema ngoja, nasema pita. Mashine inasema maneno yake mawili, nasema songa mbele, Mzee anasonga. Kazi safi.

Baada ya Athi River Kasyoka akanyonya, akalala. Nikafumba macho kumsindikiza kidogo.

Nilipofungua niliona makonge. Makonge kushoto, makonge kulia, mistari hadi mwisho wa dunia. Njia ya kwetu haina makonge! Katikati ya viti nikamwona Mama Nyawira amepiga magoti, shingo imenyooka dirishani kwangu, anamnong'oneza mumewe: ngoja, baba Nyawira. Ngoja. Sasa pita. Kumbe amefanya hivyo saa mbili nzima, na presha yake, kwa sababu hakutaka kumwamsha mtoto.

Nikauliza kama tumepita kibao cha kukatia Machakos. Mzee akasema kitambo! Alikiona, akapunguza mwendo, akaisikiliza mashine. Ikasema songa mbele. Mara tatu.

Tukasimama Kibwezi kuweka mafuta. Akaja padri mmoja mzee, Mjerumani, amekaa hapa tangu mimi sijazaliwa. Alipenda gari, akasalimia kwa Kikamba kizuri kuliko changu. Ndipo mashine ikasema maneno yake.

Padri akainama dirishani. Ikasema tena. Padri akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta kwa shati. Akamuuliza Mzee imesema hivyo tangu lini. Mzee akasema tangu Kawangware. Padri akashika mlango asianguke. Akasema, inawaomba, tafadhali geukeni. Tafadhali geukeni!

Mzee akasema, Mama Kasyoka. Hayo tu. Niliangalia kidole changu cha mguu kama sijawahi kukiona.

Kutoka kitandani ikasikika sauti. Nilidhani ni presha. Ni Mama Nyawira anacheka, gari lote linatikisika.

Mzee akasema kesho tunarudi Nairobi. Leo asubuhi Kasyoka ameachilia sinki, akasimama peke yake mpaka nikahesabu tano. Kwa Mwaitu hatutafika.

Padri, akiwa bado anafuta macho, akauliza hasa tulikuwa tunaenda wapi. Nikasema Mutomo, Mzee akasema Kitui, kununua ndengu. Akashangaa. Sasa shida iko wapi? Njia ya Mutomo inaanzia hapahapa Kibwezi. Ni vumbi na mawe, lakini mnafika Mutomo kabla ya Kitui. Na ndengu za huko hazijaguswa na madalali wa Nairobi.

Mzee aliposikia neno madalali akaniangalia upya. Akauliza kama nilijua hayo.

Nikasema, Mzee, nilitaka tukwepe foleni ya Machakos.

Jumamosi, 1 Machi

Vumbi! Sahani zimehesabu kila jiwe. Tumefika saa nane mchana, weupe kama tumetoka kusaga unga.

Mwaitu alitoka jikoni, akaliangalia gari toka taa hadi taa. Akauliza, mmehama? Halafu akaona nilichobeba mgongoni, akaachia mwiko.

Hakumchukua mara moja. Akachuchumaa mbali kidogo, mikono wazi, aone kama mtoto atamkubali. Nikamshusha Kasyoka, akaficha uso kwenye sketi yangu, ameishika kwa ngumi zote mbili. Hataki. Nikamwambia nenda kwa susu, nenda kwa bibi yako. Hataki. Mwaitu akatabasamu lile tabasamu la mtu anayesema si neno. Nilitaka kulia.

Mzee alikuwa mlangoni mwa gari na ile mashine, amekuja kuing'oa waya kwa hasira. Kabla hajaing'oa ikasema maneno yake mawili. Taratibu, kwa kubembeleza.

Kasyoka akainua kichwa. Akaachilia sketi. Akageuka.

Hatua moja. Mbili. Tatu, nne, akaangukia kifuani kwa Mwaitu.

Mwaitu akasema nimeona. Akasema tena, nimeona. Mama Nyawira alilia kushinda sisi wote. Mzee aliiangalia mashine, akaachia waya polepole. Akasema, angalau kuna mmoja anajua Kijerumani.

Jumanne, 4 Machi

Nairobi. Magunia kumi ya ndengu kwenye kitanda, mimi na Kasyoka juu yake. Kurudi tulipitia Machakos. Mama Nyawira ndiye alikaa mbele kama malkia, na mashine ilifungiwa kwenye droo chini ya vijiko. Nimemwambia Mutinda nilisimamia safari yote. Akaniuliza makonge ni ya rangi gani. Sijui nani alimwambia.

Leo Mzee amesema amejifunza. Mwezi ujao anakwenda Meru kuleta viazi, na safari hii ni mashine ya maana, kutoka kwa Githinji, hakuna mjadala. Githinji alinipita karaini akipiga mluzi.

Meru sina mtu. Sijawahi kufika. Lakini nimewaza: Meru si ni mbele tu ya Thika? Mtu akisonga mbele atakosaje kufika? Na kile kiti cha kulia kimeshazoea mgongo wangu.

Githinji analeta mashine kesho. Amejigamba ina sauti ya mama, tena mpole, haiwezi kumliza mtoto yeyote.

Kasyoka hulala saa nne. Kesho hatalala.